Kioo Ndicho Kilichomtazama

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 19 Agosti 2023, kamera ilikaa kiti cha mbele, na mimi nikakaa kiti cha nyuma. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliifunga mkanda kama mzee anayepelekwa hospitalini, akaupigapiga mfuko wake kwa upole, kisha akawasha gari. Tulikuwa tukitoka mtaa wetu wa Katuba, Lubumbashi, kwenda mtaa wa Bel-Air, kwenye harusi ya kwanza niliyoitiwa kupiga picha maishani mwangu, nami nilikuwa nimevaa kitenge nilichokishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Nilimuuliza kama amesahau ni nani mwenye kazi.

"Shemeji, usikasirike," alisema, akinichekea kwenye kioo cha gari. "Appareil iko ya famille. Weye uko mulinzi yake tu. Muzee anakaa mbele, mulinzi anakaa nyuma."

"Siku muzee atapiga foto peke yake, uniite nione."

"Utarudi nayo leo leo! Bale bamama ba Bel-Air bataona mujane ku mulango, batakurudisha mbio. Mi nitangojea mu gari. Hata moteur sitaizima."

Hakuwa akitania tu. Mume wangu alifariki tarehe 11 Mei 2016. Mwaka mmoja baadaye, siku ya kuondoa kilio, ndugu zake walikaa uani kwetu, na baada ya sala na chakula likaja neno la vitu vilivyobaki. Koti lilipata mwenyewe, redio ikapata mwenyewe. Ilipofika zamu ya kamera, mkubwa wao aliniuliza nitaifanyia nini. Nikajibu: kazi. Wengine waliangalia chini, kwa adabu, ili nisione wanavyocheka. Mkubwa wao ndiye aliyeamua kwamba nibaki nayo mradi ifanye kazi aliyoifanya mume wangu, yaani harusi. Ikikaa kabatini, irudi kwa ukoo. Hapo ndipo shemeji yangu alipoongeza lake, mbele ya wote: "Appareil ya mufu mu mukono ya mujane, nani atakubali ku ndoa yake? Siku batamufukuza mulango moja tu, inarudia kwetu." Mimi, ambaye sijawahi kujaliwa kipaji cha kunyamaza, nilisimama nikasema nimekubali.

Tangu siku hiyo nilipiga ubatizo, nilipiga komunyo ya kwanza, nilipiga kwaya na wahitimu waliorushiana unga vichwani. Harusi sikuitwa. Watu walinisifu sana kwa ubatizo na kunisahau kabisa kwa ndoa. Shemeji yangu hakunisumbua, alikuwa akipita tu mara kwa mara, anaangalia kabati, anauliza, "Muzee iko muzima?" kisha anaondoka zake.

Ni lazima nieleze ni kamera ya namna gani, kwa sababu mambo yote ya siku ile yalitoka tumboni mwake. Sisi hapa Lubumbashi tunaiita appareil. Mume wangu aliinunua mwaka 2009 kwa mpiga picha aliyekuwa anaacha kazi, na hata siku hiyo haikuwa mpya. Ilipotengenezwa ilikuwa kamera ya watu wanaokula kwa jasho la picha: mwili wa metali uliovishwa mpira, vitufe vikubwa vinavyotii hata kidole chenye jasho, lenzi yenye uzito wa tofali. Leo simu za watoto wa jirani zina namba kubwa za pikseli kuliko zake. Kadi yake ni nene kama biskuti. Skrini yake ya nyuma ni ndogo na ina rangi za uongo, hivi kwamba ukiiamini utadhani umeharibu kila kitu. Ukiilazimisha kuona gizani inakupa chengachenga, kama bukari iliyosongwa kwa unga usiochekechwa. Lakini ipe dirisha na mwanga wa asubuhi, halafu mweke mbele yake mtu mweusi kama sisi, itakupa ngozi yenye uhai, yenye joto, ngozi unayotaka kuigusa.

Kwa kuwa skrini ilikuwa mwongo, mume wangu alifanya kazi bila kuiangalia. "Anayeinama kutazama alichokamata anapitwa na kinachokuja," aliniambia. Alinifundisha mengine pia, kwa mdomo: wapi pa kusimama, wakati gani wa kuvuta pumzi, na kwamba lenzi haifunguliwi kamwe mahali penye vumbi au poda. Yale ambayo hakunifundisha yalikuwa ndani ya kijitabu cha maelezo kilichoandikwa Kifaransa, na mimi niliolewa nikiwa na darasa la tatu tu la msingi.

Nilirudi shuleni Septemba 2010, nikiwa na miaka thelathini na sita, katika darasa la watu wazima. Nilipata diploma ya Serikali, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 2021. Kati ya tarehe hizo mbili nilizika mume, nikapoteza mwaka mzima wa masomo, nikarudi tena. Naziandika tarehe hizi kwa sababu mtu aliyechelewa kusoma anajua thamani ya kila mwaka. Hana wa kuutupa. Na katika masomo yote, hakuna lililonifurahisha kama somo la mwanga. Mwalimu alichora ubaoni mshale unaogonga kioo kilichoinama na kupanda juu. Nikashtuka. Mchoro ule nilikuwa nao nyumbani. Nilirudi mbio, nikafungua kijitabu cha mume wangu, na kwa mara ya kwanza nikausoma ukurasa ule kuanzia juu hadi chini: picha inaingia kwenye lenzi, inagonga kioo kilicholala mshazari ndani ya kamera, inapanda, inageuzwa, ndipo inafika kwenye jicho la mpiga picha. Na wakati wa kupiga, kioo kinaruka juu ili mwanga upite kwenda nyuma. Mlio ule, klak, ambao kanisa zima linausikia, ni kioo kikiruka. Miaka yote nilidhani ni mlio wa kukamata. Kumbe ni mlio wa kupisha.

Bibi harusi alikuja kwangu Katuba mwezi wa Juni, asubuhi ya baridi, amejifunika shali. Ukoo wake ulitoka Kasai tangu wakati wa babu yake, watu wa shule na biashara, na mume wangu ndiye aliyepiga picha za harusi ya dada yake mkubwa mwaka 2012. Alikataa chai mpaka ajibiwe kwanza.

"Mama, ile appareil ya zamani iko?"

"Iko."

"Inapiga?"

"Inapiga."

"Njo ile, ndiyo ile ninataka. Foto ya yaya wangu, dada yangu mukubwa, ngozi yake iko ngozi. Foto za sasa banatupaka weupe mupaka tunafanana na sahani ya plastique."

Nilimwambia wazi kwamba mimi ni mjane, kama akina mama wa kwao wana neno juu ya hilo. Alitazama kikombe chake. Alisema shangazi yake, dada wa baba, ndiye atakayesimamia chumba cha bibi harusi, na kwamba shangazi huyo "iko na sheria mingi, lakini iko na roho muzuri." Nilielewa kwamba hakumwambia, na kwamba hatamwambia.

Basi ndiyo sababu, tulipofika Bel-Air asubuhi ile, shemeji yangu aliegesha gari mbele ya lango la nyumba, akaacha injini inanguruma, akanifungulia mkanda wa kamera kwa heshima zote, akanikabidhi. "Kwenda salama, mulinzi," alisema. "Usikawie."

Uani kulikuwa na masufuria makubwa na akina mama waliofunga vitenge vya sare. Kwenye baraza alikaa mpiga picha mwingine, mwanamume wa makamo aliyeletwa na upande wa bwana harusi kwa ajili ya video, mwenye kamera mpya ndogo inayong'aa. Yeye hakuruhusiwa kuingia chumbani, kwa kuwa bibi harusi alikuwa bado anavishwa. Tulisalimiana vizuri, kama watu wa kazi moja. Na mlangoni mwa chumba, katika lesi nyeupe na kilemba kilichosimama kama mnara, alisimama shangazi.

"Weye njo photographe?"

"Njo miye, mama."

"Mwanamuke? Bon. Tena muzuri, utaweza kuingia. Bwana yako anajua uko huku?"

Ningeweza kusema ndiyo. Niliona njia ile imefunguka mbele yangu, pana, na sikuifuata, kwani cheo changu cha ujane nimekibeba kwa kichwa kilichoinuka na sikuona sababu ya kukishusha mlangoni pa mtu.

"Bwana yangu alikufa tarehe kumi na moja ya mwezi wa tano, mwaka elfu mbili kumi na sita."

"Sikukuuliza tarehe!" alisema shangazi, na akarudi hatua moja nyuma, akiziba mlango kwa mwili wake. "Uko mujane?"

"Niko mujane, mama."

Akina mama wa masufuria waligeuka. Shangazi alishusha sauti, si kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja sheria ya barabara. "Mama, usikasirike. Huku kwetu, mu famille yetu, mujane hatie macho yake kwa mariée, kwa bibi harusi, mbele ya kwenda ku kanisa. Hata dada yangu iko mujane, muangarie pale, iko anakata pondu. Kisha kanisa utamuangaria mupaka utachoka. Sasa hapana."

Ni kweli, mama mmoja aliyekaa karibu na moto na rundo la majani ya muhogo alininyooshea kisu cha pondu kwa salamu. "Karibu," alisema. "Kuko nafasi."

Watu walicheka. Nje ya lango nilisikia injini ya shemeji yangu, inanguruma bila haraka. Kama ningekwenda kukaa na pondu, hata kwa saa moja tu, ningekuwa nimefukuzwa kwenye mlango mmoja, na mlango mmoja ndio tuliokubaliana. Kamera ilikuwa mikononi mwangu, nzito kama siku zote, na mkono wangu ukahisi uzito ule kwa namna nyingine, kama mtoto anayeshuka mgongoni.

Shangazi alikuwa tayari amegeukia jambo lingine. "Binamu ya mariée atapiga," alisema. "Papa, lete appareil yako," alimwambia yule wa video. "Utamufundisha wapi pa kufinya."

Hapo ndipo somo la mwanga liliponirudia, na mshale wake ubaoni.

"Mama," nilisema, "sheria yenu ninaiheshimu. Lakini miye sitamuangaria mariée."

"Utapiga foto namna gani bila kuangaria? Uko mulozi?"

"Kioo njo itamuangaria. Mu appareil hii kuko kioo. Miye ninaangaria mu kioo tu."

"Kioo gani?"

Nilimpa kamera, nikamshika mkono asiiangushe, nikamwonyesha kidirisha cha kuweka jicho. Alichungulia akielekea chumbani. "Ninamuona," alisema. "Ninamuona kabisa. Uko na bongo, unadanganya."

"Haiko yeye, mama. Iko sura yake mu kioo. Ngoja."

Na nikafanya lile ambalo mume wangu alinikataza. Pale mlangoni, huku ndani binti mmoja akipuliza poda kwa wingi hata hewa ilikuwa nyeupe, niliizungusha lenzi nikaitoa. Nikamgeuzia shangazi tumbo la kamera. Kioo kilikuwa pale, kidogo, safi, kimelala mshazari kama kinavyolala kwenye kijitabu. Shangazi aliinama na kilemba chake chote. Aliona uso wake mwenyewe, mdogo kama uso ndani ya kijiko.

"Weh!" alisema. "Njo miye huyu?"

"Njo weye."

Akina mama wakaacha masufuria wakaja. Kila mmoja alitaka kujiona. Shangazi, ambaye alikuwa mwamuzi wa haki, hakuridhika na upande mmoja wa kesi. Alimwita tena yule wa video. "Na yako iko na kioo?"

"Hapana, mama," alijibu, akitabasamu. "Hizi za sasa bali­tosha kioo, baliondoa. Inaangaria direct."

"Fungua."

Alisita, kwa sababu ya vumbi, lakini nani angemkatalia mama yule? Alitoa lenzi yake kwa sekunde moja. Ndani hamkuwa na kitu isipokuwa lile jicho lenyewe, tupu, linameremeta rangi ya mafuta juu ya maji.

"Yo! Iyi iko uchi!" shangazi alipiga kelele. "Funga! Funga!"

Yule bwana aliifunga huku anacheka mpaka machozi, nasi sote tulicheka pamoja naye. Lakini shangazi alikuwa bado na swali, na lilikuwa swali la akili kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu kamera.

"Bon. Unaangaria kioo. Lakini saa ya kufinya, saa ile yenyewe ya foto? Unaona nini?"

"Saa ile kioo inapanda juu. Jicho yangu inaona giza."

"Giza?"

"Giza kabisa. Foto yenyewe siione. Iko appareil njo inaona, peke yake."

Nadhani alikuwa akiipima sheria yake, anaigeuza huku na huku kama mtu anayechagua kitenge sokoni, akitafuta palipotoboka. Hakupaona.

"Kioo ipite," alisema hatimaye. "Lakini jicho yako isitoke mule ndani! Ukitosha jicho ku appareil, unatoka mu chumba."

Nilirudisha lenzi. Niliweka jicho langu la kulia kwenye kidirisha na kulifumba la kushoto, na kwa kuwa mtu anayetazama hivyo haoni anapokanyaga, shangazi mwenyewe alinishika kiwiko akaniingiza. "Kuko mukeka," alisema. "Inua muguu. Kuko kiti. Kuko mutoto, weye mutoto toka! Kuko sanduku." Tuliingia hivyo, yeye na kilemba chake, mimi na tofali langu usoni, kama watu wanaobeba kabati.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa mji wetu analijua. Kwetu bibi harusi hacheki. Anayecheka siku ya kuondoka nyumbani kwa wazazi anaonyesha kwamba alichoshwa nao. Kwa hiyo anainamisha macho, anafunga midomo, na uso wake unakuwa kama maji yaliyotulia, kuanzia asubuhi hadi jioni. Mume wangu alipiga mamia ya nyuso hizo na akazipenda. Niliyemwona ndani ya kioo changu, karibu na dirisha, katika mwanga ambao kamera hiyo iliumbwa kwa ajili yake, alikuwa na uso wa namna hiyo hasa. Mama yake alikuwa amepiga magoti nyuma yake, akifunga vifungo vya gauni mgongoni.

Kisha bibi harusi aliinua macho. Alimwona shangazi yake, yule wa sheria mingi, anamwongoza mjane chumbani mwake kama kipofu, tena kwa uangalifu mkubwa. Niliona mdomo wake unatetemeka. Niliona anapigana. Niliona mama yake anachungulia kutoka nyuma ya bega ili ajue kuna nini.

Nilifinya. Klak. Giza.

Kioo kiliposhuka, uso ulikuwa umetulia tena, isipokuwa mabega ndiyo yaliyokuwa yanaruka.

"Umecheka!" shangazi alisema. "Mariée hacheke!"

"Tantine, weye njo unanichekesha! Unamukokota kama mbuzi ya dot, mbuzi ya mahari!"

Ndipo shangazi naye alipocheka, cheko kubwa la tumboni, mkono wake bado umeshika kiwiko changu, hivi kwamba kamera yote ilitikisika. Alipopata pumzi aliniuliza, "Umekamata ile kicheko?"

"Sijui, mama," nilisema. "Sikuona."

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Hata yule mjane wa pondu, aliyekuwa hawezi kuingia, nilimsikia mlangoni akipiga kofi na kurudia kwa wenzake, "Anasema hakuona! Hakuona!"

Sikutoa jicho mpaka gari la kwenda kanisani lilipofika. Shingo iliniuma, na duara jekundu lilibaki usoni mwangu. Sikuangalia skrini hata mara moja.

Kanisani bibi harusi alikuwa na uso wa bibi harusi, na nikaupiga uso huo kwa heshima yake yote. Walipotoka nje, kwenye jua na upepo wa Agosti, shangazi alinitafuta katikati ya watu. Alinishushia kamera kwa mkono wake mwenyewe mpaka ikafika kifuani. "Sasa umuangarie," alisema. "Na macho yako." Nikamtazama binti yule bila kioo kati yetu. Alikuwa mzuri. Akanikonyeza.

Shemeji yangu nilimkuta ukumbini, mwisho wa meza, mbele ya sahani ya pili. Injini ilikuwa imezimwa zamani sana. Waliomwona amekaa peke yake garini walikuwa wamemhurumia wakamwingiza, naye alikuwa amekwisha kuisikia hadithi nzima ya kioo kutoka kwa watu watatu tofauti, kila mmoja na chumvi yake.

"Shemeji," alisema, akipangusa vidole, "ulipita mulango. Sikatae. Lakini kupita mulango haiko kupiga foto. Tungojee foto."

Na njiani kurudi Katuba kamera ilikaa tena mbele, na mkanda.

Alikuwa na haki yake, na mimi mwenyewe sikuwa na uhakika. Kwa kicheko kile nilikuwa nimefinya mara moja tu, katika mwendo, nikishikwa kiwiko. Nilipofungua picha kwenye kompyuta nilikwenda kwanza kwa zile za nje ya kanisa, kama mtu anayekula mchicha kabla ya nyama. Zilikuwa nzuri. Lakini katika kila anga ya buluu, juu upande wa kulia, kulikuwa na doa dogo la kijivu, pale pale, picha baada ya picha. Ilikuwa poda. Poda ya bibi harusi ilikuwa imeingia tumboni mwa kamera nilipoifungua mlangoni, kama mume wangu alivyosema itaingia. Nikafuta madoa yale moja moja. Kisha nikafungua ile ya chumbani.

Sikuwa nimeiona kabla ya hapo. Hakuna aliyekuwa ameiona. Bibi harusi amefunga macho na kufungua mdomo, meno yote nje, cheko la mtoto wa miaka sita. Na nyuma ya bega lake mama yake, ambaye nilidhani anachungulia tu, anacheka cheko lile lile, kwa mdomo ule ule, kana kwamba mmoja ni kioo cha mwenzake. Mwanga wa dirisha umelala juu ya ngozi zao. Kila kitu kimetulia isipokuwa furaha yao. Nililia kidogo, kwa fahari. Kisha nikanawa uso nikaenda kuichapisha kwa karatasi kubwa.

Shangazi alikuja mwenyewe Katuba, Jumamosi ya tarehe 26 Agosti, kuzichukua. Shemeji yangu alikuwa amefika kabla yake. Alidai kwamba anapita tu. Niliweka picha mezani, za kanisa juu, ile ya kicheko chini kabisa. Shangazi alizipitia taratibu, akisifu, akikosoa vilemba vya wengine. Alipofika chini aliiinamia picha. Niliona midomo yake ikijipanga kusema kwamba mariée hacheke. Lakini hakusema. Aliishika picha kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani.

"Mama yake alicheka hivi siku ya ndoa yake mwenyewe," alisema. "Tulimukemea sana. Hakuna foto."

Kisha alirudi mezani, akafunga picha zote katika kitambaa, isipokuwa ile moja aliyoiweka kifuani ndani ya lesi.

"Mutoto wangu wa mwisho anaolewa," aliniambia. "Ninataka appareil ya kioo. Ninaongea na nani? Iko yako, ao iko ya famille? Maana siku ile, ku meza ya ndoa, nilisikia ule muntu wa gari anasema iko ya famille."

Nilimwangalia shemeji yangu, na shangazi akafuata macho yangu. Yule mwanamume mrefu, anayependa mzaha kuliko mshahara, alijikuna kisogo. Aliangalia kabati, kisha meza, kisha kifua cha shangazi palipotokeza pembe ya picha.

"Iko yake, mama," alisema. "Miye niko mulinzi tu."

"Bon," alisema shangazi, na akanigeukia. "Utakuja?"

"Tarehe gani, mama?"

Alicheka mpaka kilemba kikayumba. "Weye na tarehe zako!" Lakini alinitajia. Ilikuwa tarehe 16 Desemba 2023, nayo pia ni Jumamosi, wakati wa mvua. Asubuhi ile barabara ya Katuba ilikuwa matope matupu, na shemeji yangu alishuka kunifungulia mlango ili nisichafue viatu. Nilikaa kiti cha mbele, kamera magotini, nikatufunga sote wawili mkanda mmoja.